Sensi za Ndirangu

Jumatatu, 9 Juni

Nimesalitiwa! Na si na mtu wa mbali. Ni Ndirangu, jirani wa mlango wa tatu, fundi seremala, mtu ambaye nilimwazima mwiko wangu wa ugali akanirudishia ukiwa na ufa.

Jioni nilipita saluni ya Shirleen. Shirleen ndiye kapteni wetu, Nyuki wa Spine Road, kikosi cha watu wanne wa mchezo wa bunduki wa kwenye simu. Jumapili tunakabana na kikosi cha mtaa wa Pipeline, hapo hapo saluni, mbele ya watu wote wa Kayole wasio na kazi. Mimi ndiye wa nne. Nimeshatangaza. Mama anajua, na akijua Mama, Siaya yote inajua. Jezi imeshachapishwa GORDON mgongoni, herufi kubwa.

Sasa nafika mlangoni, namsikia Shirleen akimwambia Ndirangu kwamba lazima wanne watoshe. Ndirangu akajibu asiwe na wasi, atahakikisha. Waliponiona wakanyamaza. Halafu wakanisalimia! Eti sasa Gordon. Sasa ya nini?

Wanne watoshe. Maana yake kuna mtu wa tano anayejipenyeza. Na mtu wa tano namjua, ananuka gundi ya mbao.

Jumanne, 10 Juni

Sikulala. Yawa, kwa nini Ndirangu analenga kuliko mimi? Ijumaa tulipocheza alinipiga ya kichwa nikiwa nimejificha bafuni. Bafuni! Mtu hana haya? Kipaji hana, hilo nakataa. Ni sensi.

Kila mchezaji anajua sensi: ile namba unayoweka ili shabaha ikimbie au itembee ukigusa kioo kwa kidole. Tena kila skopu, yaani darubini ya bunduki, ina namba yake. Skopu ya mbili, skopu ya nne, skopu ya sita. Ukipata namba sahihi hata shangazi yangu anaogopwa.

Nilimwomba Ndirangu namba zake kwa heshima zote. Akasema hazijui. Eti anatumia zile zilizokuja na mchezo. Muongo! Dadangu Akech, ambaye huucheza akingoja sima iive, akadakia kwamba hata yeye hajawahi kuzigusa. Nikamwambia aachie wataalamu mambo ya wataalamu. Akacheka mpaka mwiko ukamponyoka. Hata kucheka kwake kuna madharau.

Jumatano, 11 Juni

NIMEZIPATA!

Nilikuwa juu ya ghorofa naanua nguo. Ndirangu akapanda kutafuta netiweki. Nikajibanza nyuma ya blanketi la Mama Nalianya. Lilikuwa limelowa chapachapa, na hii baridi ya Juni, lakini mwanajeshi halalamiki. Akampigia mtu anaitwa Maina. Nilinukuu kila neno kiganjani: nne kwa mbili. Sita kwa moja. Misumari mia tatu. Kisha akamwagiza apige randa mpaka zinyooke, amalizie na msasa laini, la sivyo watu watakwaruzwa makalio.

Aka! Anadhani akijificha nyuma ya maneno ya useremala tutapotea? Fumbo mfumbie mjinga. Mimi nimezaliwa Kayole. Skopu ya nne, weka mbili. Skopu ya sita, weka moja. Misumari ni risasi, hilo hata mtoto wa chekechea analijua, kwa hiyo sensi ya kufyatua ni mia tatu. Kupiga randa ni gumba kwenda mbele na kurudi nyuma, kwa nguvu. Msasa ni msasa. Makalio nadhani ni tusi tu, anatutukana sisi wapinzani wake.

Nimeziweka zote. Nahisi mwili mwepesi, ila nimeanza mafua.

Alhamisi, 12 Juni

Nimenunua msasa. Muuzaji akataka kujua nasugua nini. Nilimuuliza kama huwa anahoji wateja wote au ni mimi tu. Watu wa mtaa huu wana kiherehere!

Nimesugua kioo cha simu mpaka mkono ukachoka. Kidole sasa hakitelezi hata kidogo. Kuona ndiyo sioni sana, maadui wote wamefunikwa ukungu kama Limuru asubuhi. Sijali. Kulenga ni moyo. Nimepiga randa tangu mchana na gumba limechubuka. Akech ameniuliza kama nina homa. Wivu huo.

Jumamosi, 14 Juni

Sitaki kuandika. Naandika kwa sababu nimeonewa.

Tulikutana saluni kwa mazoezi ya mwisho. Akanitokea adui wa kwanza akiwa mbali, nikaweka skopu ya sita. Bunduki ikagoma kugeuka. Nikapiga randa, nikapiga randa, shabaha ikasogea kama mtu anayevuta mkokoteni wa maji Kayole nzima. Adui akaniangalia. Naapa aliniangalia. Nikatoa skopu, nikafyatua hivyo hivyo, na hiyo misumari mia tatu ikanitupa mbinguni. Nilizunguka, nikapiga mawingu, nikapiga paa, nikamaliza risasi zote bila kugusa hata kuku. Wenzangu wote wakauawa kwa sababu ya kelele zangu.

Shirleen akaniuliza nimeweka sensi gani. Nikaona hapo hapo ndipo pa kumuumbua mwizi wa nafasi. Ndirangu alikuwa amepiga magoti ukutani na nyundo yake. Nikazitaja kwa sauti kubwa: nne kwa mbili, sita kwa moja, misumari mia tatu, randa na msasa!

Mteja mmoja akatoa kichwa kwenye draya asikie vizuri.

Ndirangu akaketi chini. Alicheka mpaka machozi. Akaeleza kwamba hizo ni mbao. Mbao za benchi! Shirleen alimwagiza benchi la kukalia kikosi, ndiyo maana alisisitiza wanne watoshe. Yeye Ndirangu hana hata nafasi ya kucheza Jumapili, Jumapili yeye ni kwaya. Shirleen akasema nafasi ya nne ilikuwa yangu, na hakuna mtu aliyewahi kuiwazia.

Ilikuwa yangu.

Nikasema basi sawa, narudisha sensi za zamani, tuendelee. Shirleen akainua simu yangu kwenye mwanga, akaigeuza, akaniuliza kama nimeiokota jalalani Dandora. Wakati huo huo Akech akaingia kuniletea chaja. Shirleen akamkabidhi simu yake ajaribu. Akech akaua wanne huku akitafuna njugu. Sensi zile zile zilizokuja na mchezo! Hakuna haki Kenya hii.

Jezi amepewa yeye. Nilijificha bafuni, lile la kweli. Nililia. Mama bado hajui.

Jumapili, 15 Juni

Benchi ni zuri, sikatai. Wanne walitosha sawasawa. Nilipojaribu kujibana pembeni, Shirleen akaniambia limepimwa. Nilisimama mchana wote. Huo ni unyanyasaji.

Tulishinda. Watu wakasoma jina mgongoni mwa mshindi, wakaanza kuimba Gordon! Gordon! Gordon! Nikainamisha kichwa, nikapunga mkono. Adabu ni adabu. Picha nimemtumia Mama, ya mgongo tu. Amefurahi sana, ila ameuliza kwa nini nimesukwa nywele.

Lakini hayo ni madogo. Obura wa Pipeline, pamoja na kwamba walishindwa, alituangusha kama nzi. Mtu wa hatari. Wakati wa kuondoka akapokea simu, eti ya mkewe, na nilikuwa nyuma yake pua na kisogo. Akarudia kila alichoambiwa, bila haya, mbele ya adui: nyanya sita. Vitunguu vinne. Hoho moja. Dhania ya kutosha, na asisahau tena kama juzi.

Mkewe! Nani anadanganywa hapa?

Skopu ya sita ni nyanya, na nyanya ni nyekundu, kwa hiyo sensi ni juu kabisa. Skopu ya nne ni kitunguu, kitunguu kinaliza, kwa hiyo polepole. Hoho nimeshaielewa. Dhania ndiyo bado inanisumbua. Nimenunua fungu moja, nimelisugua kwenye kioo, sasa nangoja likauke.