Tarikhi ya Hatua ya Tatu ya Mbwa Aitwaye Askari

Tulieni, enyi mlioketi na enyi mliosimama kwa kukosa viti! Anayetafuna na ameze, anayekohoa na amalize, kwa maana leo sisimulii vita vya wafalme waliogombea mito na milima. Hao walikuwa na majeshi, na mwenye jeshi ushujaa wa nini? Nasimulia habari za mshona nguo mmoja, mfupi wa kimo, mpana wa moyo, mwoga wa mbwa tangu utotoni na mwoga wa mama mkwe tangu harusini, ambaye asubuhi moja ya Jumamosi aliwakabili wote wawili katika ua mmoja, silaha yake ikiwa ni sindano.

Jina lake la vita lilikuwa Fundi Atakua, na alilipata kwa haki. Miaka ishirini alishona sare za shule, na kila mzazi aliyelalamika kwamba suruali inafagia njia au mikono ya shati inameza vidole, alimjibu neno lile lile moja: "Atakua." Na kweli watoto walikua, ingawa wengine walimaliza shule suruali zikiwa bado zinawangoja.

Basi katika mtaa ule likazuka jeshi la kujitolea, wapiganaji watatu kwa hesabu kamili. Amiri wao alikuwa Muuguzi mstaafu, mwanamke aliyewahi kuwachoma sindano nusu ya mtaa, na nusu hiyo hadi leo humwamkia ikijishika nyuma. Wa pili alikuwa Mchomeleaji wa mageti, bingwa wa nyundo, mtu wa maneno machache na kelele nyingi. Wa tatu ndiye Fundi Atakua, aliyejiunga kwa sababu hakujua namna ya kumkatalia Muuguzi. Kila Jumamosi walibisha hodi katika nyumba zenye mbwa wa kufungwa nje, wakiomba kwa adabu wamjengee mbwa kibanda, wamwekee maji kwenye chombo kisichopinduka, na mnyororo mfupi waubadilishe kwa waya mrefu uliovutwa kati ya nguzo mbili. Mbwa huvikwa mkanda kifuani, mkanda hushikwa na pete itelezayo juu ya waya, naye akatembea huku na huko kama mwenye mji. Mbwa saba walikuwa wamekwisha kukombolewa. Wa nane alikuwa Askari, na Askari alikuwa mbwa wa mama mkwe wa Fundi.

Miaka sita Askari alikuwa amefungwa kwenye kigingi nyuma ya jiko, kwa mnyororo wa hatua mbili. Ardhi ndani ya duara lile ilikanyagwa hata ikang'aa, wala jani halikuthubutu kuchipua. Nje yake majani yaliota kwa raha zao. Na miaka hiyo yote, kila alipokwenda ukweni kusalimia, Fundi alipita mbali, uso kaugeuzia ukutani, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyopenda kukiri.

Mama mkwe, mtawala wa ua ule, aliketi kibarazani na sinia la maharage magotini. Aliisikiliza hotuba ya Muuguzi yote, tangu maji safi mpaka haki za viumbe, kisha akanena:

"Nimesikia. Sasa mbwa akistarehe, atalinda nini? Mimi naishi peke yangu hapa. Mlinzi wangu ni huyo huyo."

"Mama," Fundi akainama, "shikamoo."

"Umeshaniamkia mara tatu, mwanangu. Marahaba. Sema."

Hapo Fundi akavuta pumzi mpaka vifungo vya shati vikalalamika. "Ewe Mama, uliyenipokea katika nyumba hii nikiwa mikono mitupu, ukanipa binti yako na hukuniuliza nitamlisha nini! Tangu siku ile sijakuomba kitu. Leo naomba. Nipe asubuhi moja na mbwa huyu. Akishindwa kuutumia waya, nitaufunga mnyororo kwa mikono yangu mwenyewe, na mdomo wangu hautautaja tena mpaka nizikwe."

"Asubuhi nzima ya nini?" akajibu mama mkwe. "Nikimaliza kuchambua haya maharage, kama bado amekaa palepale, mnyororo unarudi. Na hizo nguzo zenu mtazing'oa."

Akaanza kuchambua, na alichambua kwa kasi ya kutisha.

Vita vikaanza. Mchomeleaji akasimika nguzo mbili, hatua kumi na nane kati yake, akavuta waya hata ukalia. Muuguzi akamvika Askari mkanda alioushona Fundi kwa turubai imara, akafungua kufuli la shingoni, na mnyororo ukaanguka chini. Fundi alishuhudia hayo yote kwa ujasiri mkubwa kutoka juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Askari, njoo!" akaita Muuguzi, kipande cha nyama mkononi.

Askari akapiga hatua moja. Akapiga ya pili. Akafika ukingoni mwa duara, akasimama. Nyama ikawekwa chini, kiganja kimoja tu kutoka puani mwake. Akanyoosha shingo, akanyoosha ulimi, akatetemeka mwili mzima kwa tamaa, lakini mguu hakuuvusha. Muuguzi akamvuta kidogo kwa upole. Askari akarudi nyuma, na lo! mkanda ukamvuka kichwa bila kugusa hata sikio, ukabaki unaning'inia wenyewe kwenye waya.

Fundi, kwa mazoea ya miaka ishirini, alikuwa ameacha nafasi ya kukua.

"Mbwa ana miaka saba," akasema mama mkwe bila kuinua macho. "Anakua kwenda wapi?"

Lakini enyi wasikilizaji, tazameni lililo zito kuliko kicheko. Askari sasa hakufungwa na kitu chochote cha ulimwengu huu, na geti Mchomeleaji alikuwa amelisahau wazi. Angeweza kwenda popote. Naye akageuka, akarudi katikati ya duara lake, akalala. Fundi alipoona hayo, akashuka kwenye ndoo.

"Wewe, unakwenda wapi?" akauliza Muuguzi. "Si unaogopa mbwa?"

"Naogopa sana," akasema Fundi. "Lakini kosa la mkanda ni langu, na fundi hamtumi mtu mwingine kupunguza kazi yake."

Akaketi vumbini ndani ya duara, mkanda mkononi, akashona. Alipompima shingo, vidole vyake vilikuta mviringo usio na manyoya, ngozi ngumu kama kisigino, pale chuma kilipokaa miaka sita. Akaona aibu, aibu ya mtu mzima, isiyo na pa kuitupia.

"Nilikuwa nakupita," akamwambia Askari polepole. "Nilikuwa najifanya naangalia ukuta. Nisamehe, ndugu yangu."

Askari akashusha pumzi ndefu, yenye harufu mbaya kupita kiasi, akamlalia pajani. Fundi akaendelea kushona mpaka fundo la mwisho. Muuguzi akalifunga geti, mkanda ukavalishwa, safari hii ukashika kama ngozi ya pili. Kwenye sinia yalibaki maharage ya konzi moja.

"Nanyi mnanikawiza," akasema mama mkwe. "Nina sufuria mekoni."

Ndipo Fundi Atakua akafanya jambo ambalo hakuna mkwe aliyepata kulifanya akabaki na heshima. Mbele ya macho ya mama mzaa mkewe, aliweka viganja chini, akaweka magoti chini, akatambaa. Alitambaa mpaka ukingoni, akauvuka, akageuka majanini, akarudi. Akavuka tena, futi yake ya kupimia ikiburuzika nyuma. "Unaona?" alikuwa akimwambia mbwa. "Hakuna kitu. Mimi mwenyewe nimeshakwenda nimerudi." Mchomeleaji alitazama pembeni kwa huruma. Fundi akavuka mara ya tatu, na hapo akasikia nyuma yake pete ikikwaruza juu ya waya.

Hakugeuka, asije akaiharibu hatua ile. Unyayo mmoja ulikuwa umekanyaga majani. Ukainuliwa haraka, ukanuswa, ukarudishwa palepale. Ukafuata wa pili, na wa tatu, na nyama ikapitwa bila kutazamwa! Pete ikaimba, waya ukacheza, Askari akampita Fundi mbio, hatua kumi na nane kamili, mpaka nguzo ya mbali kabisa. Huko akanusa, akazunguka, akainua mguu.

Akakojoa. Mchomeleaji, aliyekuwa na saa, aliapa baadaye kwamba ilizidi dakika moja. Wakati wote huo mkono wa mama mkwe ulikuwa umesimama ndani ya sinia.

"Kumbe," akasema hatimaye. Sauti yake haikuwa ile ya mwanzo. "Kila alfajiri hunibwekea dirishani. Nami najigeuza upande wa pili, nasema mlinzi wangu yuko kazini. Kumbe alikuwa anaomba choo."

Akaliweka sinia kando, maharage ya mwisho na mawe yake yakiwa bado pamoja, akashuka kibarazani. Akauokota mnyororo, akamtupia Mchomeleaji. "Upeleke kwenye mageti yako huko. Na wewe, mkwe wangu, inuka. Umeshaeleweka."

Basi iandikwe, na mwenye kalamu asipunguze neno! Iandikwe kwamba Fundi Atakua alitambaa na hakudharauliwa. Na chini yake iandikwe kwa herufi kubwa zaidi kwamba siku ile, saa nne na robo asubuhi, kwa mara ya kwanza katika miaka sita, mbwa Askari alikojoa mahali asipolala.