Jinsi Célestin wa Masisi Alivyoswaga Kitenzi Hadi Kanada

Nyamazeni, enyi watu wa Murara hapa Goma, nyamazeni nisimulie! Wewe unayesukuma chukudu, baiskeli yako ya mbao, legeza mwendo. Wewe mama wa makala, tua gunia uketi juu yake. Na wewe unayecheka kabla sijaanza, ngoja kwanza, utacheka ukijua unachokicheka. Wengine na wawaimbe majemadari, kwani vita tunavyo vya kutosha, hata vya kugawia majirani. Mimi namwimba Célestin, mchungaji wa Masisi, simba wa vilima vya majani mabichi, mzee wa miaka sitini na saba, aliyekifunga kamba kitenzi kimoja cha Kiingereza akakivusha bahari.

Sikieni basi chanzo cha vita hivyo. Binti yake, Bénita, alikimbilia Uganda wakati wa mapigano, akakaa kambini miaka tisa, kisha akapelekwa Kanada, na huko akamzaa Héritière. Mtoto alikuwa na miaka mitano na lugha moja tu, Kiingereza. Kila Dominika baada ya misa Bénita alipiga simu ya picha, na kila Dominika Célestin alinguruma, "Mujukuu wangu!" kwa sauti ileile iliyokuwa ikiwaita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde. Mtoto aliruka, akageuka, akaingia chini ya meza, na huko hakutoka mpaka simu ikatwe.

"Minajua mugongo yake tu," Célestin alimwambia mkewe Perpétue, na moyo ulimuuma kweli. "Nitakufa na sijaonana na huyu mutoto uso kwa uso."

"Punguza sauti, Papa Bénita," alisema Perpétue. "Hata mimi unaniogopeshaka."

Hapo shujaa akatwaa fimbo yake, akavaa koti la misa, akashuka hadi kwenye nyumba ya mbao ambamo Kambale, kijana wa Butembo, ngao ya sarufi na hofu ya wavivu, aliwafundisha Kiingereza vijana waliotafuta kazi katika ofisi za mashirika mtaani Himbi. Wakamcheka. Hakuwatazama hata.

"Prof," alitangaza akiwa amesimama mlangoni, "sikuja kutafuta kazi. Nipe kitenzi ya kuona. Moja tu. Nitaichunga mwenyewe."

Lo, ndugu zangu, mliopigana na Kiingereza mnajua! Kambale aliandika ubaoni: I see, you see. Mzee akaitikia vizuri, kitenzi kimetulia, kinatafuna majani. Lakini alipofika kwa mtu wa tatu, yule he, adui akatoka kichakani. Majuma matatu Célestin alisema "he see", na majuma matatu Kambale alimrudisha, mpaka chaki ikabaki kipande cha ukucha na vijana wakaanza kumwonea huruma Kambale badala ya mzee. Kisha, siku ya Jumanne, Célestin akajipiga paja kwa kishindo.

"Kumbe! Ule wa tatu anavaa kengele!"

"Kengele gani, muzee?"

"Hiyo *s* yako. Ule wa tatu haiko nasi, haiko mbele yetu, iko inakula mbali kule. Utaisikia namna gani kama haina kengele? He sees! She sees!"

Darasa zima likasimama kumpigia makofi, na tangu siku hiyo hakuna mwanafunzi wa Kambale aliyesahau kengele.

Ikabaki ngome moja, nayo haikuvunjika. Célestin hakuweza kutoa mtu mmoja peke yake. Ukimwomba aseme "I see you", aliwafungulia wote sita, kutoka I hadi they, tena kwa mpangilio.

"Muzee, nakuomba," alisihi Kambale. "Ni mutoto, haiko mutihani. Sema moja tu, ile ingine uache."

Ndipo Célestin akaegemea fimbo, akanena maneno haya. "Kambale, ninyi watu wa Butembo munauzishaka kitu moja moja, haya, ni kazi yenu. Mimi nilikuwa na ngombe kumi na mbili. Siku ya kukimbia waliniambia hivyohivyo, kamata moja, ingine utaikuta. Nikakamata moja. Ikalilia wenzake njia yote, ikakataa kula, ikakufa mbele ya kufika Goma. Usiniambie tena kuacha ingine."

Kambale hakumwambia tena.

Dominika ikafika. Upande wa Sake, nje ya mji, mabomu yaligonga tangu asubuhi, na Perpétue aliegemeza simu kwenye sufuria akilalamika kwamba betri imebaki robo. Kambale alikuja kama shahidi. Bénita akaonekana, kisha akaonekana Héritière, vishungi viwili vya nywele juu, mguu mmoja tayari umeelekea mezani. Célestin akakumbuka ushauri wa mkewe, akashusha sauti mpaka ikawa ile ya kukamulia maziwa.

"I see," alisema. "You see."

Mtoto akasita. Kambale akajifunika uso kwa mikono.

"He sees. She sees. We see. They see."

Halafu Héritière akacheka, kicheko cha tumbo zima, akasogea mpaka pua yake ikajaza kioo, akapiga kelele: "Again!"

"Anatukana?" aliuliza mzee kwa hofu.

"Hapana, muzee," alisema Kambale. "Anasema *tena*."

Tena! Mzee akalifungulia kundi mara ya pili, na mara ya tatu mtoto akaingia mwenyewe: babu akisema I see, mjukuu anajibu you see, kengele zikalia pande zote mbili za dunia, na they see wakaisema pamoja. Perpétue alikuwa analia kwenye kitenge chake. Wakaenda hivyo mpaka betri ikaisha.

Waandishi wa vita wa siku ile waliandika nani amesonga mbele na nani amerudi nyuma, na hakuna aliyekuja Murara kuuliza. Basi andikeni ninyi. Andikeni kwamba Dominika ile Héritière hakuingia chini ya meza. Jioni Célestin alikaa mlangoni na fimbo yake, akalihesabu kundi kwa vidole kama alivyozoea. Waliotoka walikuwa sita. Akahesabu tena, taratibu, akapata saba, na wa saba alikuwa na vishungi viwili.