Suti Yangu na Tezi ya Mke Wangu

Jumatatu, 2 Juni
Loo! Fundi nimeshona suti za nusu ya mji, yangu mwenyewe haifungi! Shemeji muuza nyama, kaka wa mke wangu, kanikuta dukani nahangaika na kifungo. Kacheka mpaka kashika ukuta. Kasema kwenye harusi ya binti yake nijifunge kamba. Tutaonana! Kitafunga, hata nikifa.

Ijumaa, 6 Juni
Nimepata! Mke wangu ana tezi mvivu shingoni. Daktari kamweleza kwamba homoni yake ikipungua, mwili mzima unasinzia: moyo unajikokota, mafuta yanajaa kwenye damu, unene unapanda. Kidonge kimoja asubuhi kinauamsha. Basi! Tumbo langu nalo limesinzia. Nimekunywa vitano, na kesho vitano tena. Chupa yake nimeijaza pipi ndogo za mnanaa. Akili ni mali!

Jumatano, 18 Juni
Kilo zinashuka! Ila jasho linanitiririka nikiwa nimekaa, usingizi sina, moyo unakwenda mbio kama cherehani ya umeme. Mikono inatetemeka. Suruali aliyonipa shemeji nimshonee ya harusi nimeikata mguu mmoja juu ya kifundo, mwingine unaburura. Naapa, sikukusudia. Mke wangu kavaa sweta juani. Uso umemvimba, anaongea polepole. Kasifu eti dawa siku hizi ni tamu. Roho imeniuma sana. Harusi ikipita tu, namrudishia.

Jumamosi, 21 Juni
Kimefunga! Harusini nikamwendea shemeji kifua mbele, nimcheke na suruali yake. Kabla sijafungua mdomo, giza! Kanibeba mgongoni mwenyewe, mguu mmoja wazi, hadi hospitali. Muuguzi akaipasua suti kwa mkasi ili aufikie moyo. Suti yangu! Na mshono wenyewe hakuufuata!

Jumapili, 22 Juni
Wodini. Daktari kafoka: homoni ikizidi huvuruga mapigo ya moyo, nimenusurika chupuchupu. Mke wangu kawaonyesha zile pipi. Hakugomba, amelia tu. Afadhali angegomba. Vidonge vipya kavifunga kwenye pindo la nguo yake. Nimeomba radhi. Nimeapa mbele ya shemeji kwamba dawa ya mke wangu sitaigusa tena maisha yangu yote. Na mimi nikiapa nimeapa.

Mzee wa kitanda cha pili aliingia na tumbo kama langu. Kapewa vidonge vya kukojoa, tumbo limenywea kwa siku mbili! Sasa anakoroma. Droo yake haina kufuli.