Mganga wa Kibonge

Jumatatu, 4 Machi
Mwanangu Kibonge kakohoa tena mpaka kope zikalowa. Ubonge wenyewe umebaki kwenye jina. Wifi kaja kuringa. Eti kuna mtafiti wa chuo anachunguza jinsi uganga, sayansi na dini vinavyokutana kwa mtoto mgonjwa, naye wifi kaingia kundi la akina mama wa maombi. Kila wiki muuguzi anakwenda kumpima mwanawe. Nyumbani! Anavua viatu mlangoni! Mimi zahanati nakaa benchi mpaka mgongo unalia. Nimeapa: muuguzi huyo atavua viatu na kwangu.

Jumanne, 5 Machi
Nimemfuata mtafiti. Kundi la maombi limejaa. La hospitali limejaa. Nafasi zimebaki kwa wanaotumia mganga. Nikasema sisi ni watu wa mganga tangu enzi za babu. Ulimi huu! Jioni nimeshona hirizi. Baba Kibonge kauliza mbona mtoto kafungwa soksi mkononi. Kasema nimpeleke zahanati, basi. Nikamwambia atulie, mambo yako jikoni.

Alhamisi, 7 Machi
Balaa. Mtafiti anataka kumwona mganga mwenyewe. Nimembembeleza fundi viatu wa pale kona, ana ndevu za kutosha. Kakubali, mradi mkewe asijue. Nikamsihi asiongee sana.

Ijumaa, 8 Machi
Kaongea sana! Kajitanda shuka, kafumba macho, kanguruma. Mtafiti anaandika tu, jasho linamtoka. Fundi akanogewa. Akatangaza mtoto huyu asiguswe na mtu wa sindano mpaka mwezi uandame, la sivyo dawa itaharibika. Nikamkanyaga mguu. Akadhani nampongeza, akaongeza na mwezi wa pili! Mtafiti akainamisha kichwa, akasema chuo hakiingilii imani ya mtu. Kamwambia muuguzi asije kwetu kabisa. Muuguzi alikuwa mlangoni, kiatu kimoja keshavua. Akakivaa. Nilitaka kusema ukweli pale pale, ila wifi alikuwa dirishani anachungulia. Walipoondoka Kibonge alikohoa, kanikaba shingo kama mtu anayezama.

Jumatatu, 11 Machi
Zahanati. Baba Kibonge kasema leo hataki maneno, katusindikiza mpaka kwenye benchi ndipo akaenda kazini. Kibonge kifuani kwangu, wa moto kama pasi. Mbele yetu kabaki mama mmoja tu. Mara kapita binti wa chuo kile kile, anatafuta akina mama waliooteshwa ugonjwa wa mtoto kabla haujaja. Hao watatembelewa na daktari. Daktari kabisa, si muuguzi! Nyumbani! Wifi atapasuka. Nikanyoosha kidole kabla hajamaliza. Akasema tutoke nje, ndani kuna kelele. Huko nje nikaanza kumtungia ndoto. Nikampapasa mwanangu mgongo: vumilia, baba, daktari wetu wenyewe anakuja. Nilisikia wakiita Kibonge mlangoni. Nikasikia wakiita tena. Lakini ndoto ilikuwa imefika pazuri.