Mzee Jaku Hajaomba Ruhusa

Hafidh Maulid,
Barabara ya Kumi na Tano, Ngamiani,
Tanga.

Agosti, 1994

Kwa Afisa Utamaduni na Michezo wa Wilaya,
Tanga.

Ndugu Afisa,

Kama umenizidi umri, shikamoo. Kama nimekuzidi, marahaba, na Mungu akukuze. Nimeandika "Ndugu" kwa mazoea tu. Nasikia siku hizi maofisini mmeanza kuitana "Mheshimiwa", basi kama hilo ndilo linalokupendeza, lihesabu kuwa nimeliandika.

YAH: KUZUIA KUTOLEWA KWA MTUPAJI MZEE KATIKA MCHEZO WA SANDUKU

Husika na kichwa cha barua hapo juu. Najua meza yako imejaa mambo ya ngoma na mpira wa miguu, kwa hiyo nitakueleza mchezo wenyewe kwanza, usije ukadhani nakuletea maradhi ya kichwa.

Rafiki yangu Eliudi, fundi cherehani mzaliwa wa Lushoto, alinunua robota la mitumba. Katikati ya makoti mazito, ambayo kwa joto letu hili yanafaa kutandikia punda, akakuta sanduku la karatasi ngumu. Ndani yake mna ubao, dado mbili na kadi nyingi. Kila kadi ni mtu. Mchezo ni wa Wamarekani. Yuko mtupaji anayerusha mpira, na yuko mpigaji mwenye gongo. Mpigaji akiupata vizuri hukimbia kuzunguka uwanja mpaka arudi alipoanzia, na hilo ndilo bao. Ila kwetu hakuna anayekimbia. Tunarusha dado, tunasoma namba kwenye kadi, na kadi inatuambia yaliyotokea. Watu wa kweli wakiucheza hatujawahi kuwaona, na hatujaona kama tumekosa kitu.

Balaa liko kwa mtupaji. Mchezo una zamu tisa, na kadi yake imeandikwa atachoka zamu ya ngapi. Akishachoka, kila dado inayoanguka ni neema kwa adui. Hapo mwalimu wa timu aamue: amtoe aingie wa akiba, au amwache. Na akishatolewa, harudi tena siku hiyo, hata ikiwaje.

Tuna timu mbili. Kofia Buluu ni ya Eliudi na wenzake wa Makorora. Kofia Nyekundu ni yetu: mwenyekiti ni Bi Bibiana, nesi mstaafu, yumo Mwalimu Daniel aliyetutafsiria sheria kutoka Kiingereza, yumo mke wangu Asmahani, na mwalimu wa timu ni mimi. Tunakutana Jumamosi baada ya alasiri barazani kwa Eliudi. Mtupaji wetu ana jina lisilotamkika, tukampa letu, Mzee Jaku, kwa kuwa ndiye aliyekula chumvi nyingi kuliko wote sandukuni. Kadi inasema anachoka zamu ya sita.

Tangu Idi hatujashinda hata mara moja. Sasa kamati yangu imeniwekea sharti. Jumamosi ijayo ni fainali, na nisipokubali kumtoa Mzee Jaku mara anapochoka, nitavuliwa ualimu wa timu. Nimekataa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuhusu adabu. Wewe ni mtu wa utamaduni, hili halihitaji nikufundishe. Mtu mzima akiwa amekaa barazani, nani humwambia inuka uende? Husubiriwa. Akitosheka atajikohoza, atatafuta makubadhi yake kwa mguu, kisha atasema, jamani niruhusuni. Na hata hapo haruhusiwi kirahisi, huambiwa akae kidogo, chai iko njiani. Mimi namtendea Mzee Jaku hivyo hivyo. Nimemwegemeza kwenye kikombe, kivulini, nami namwangalia. Mpaka leo hajaomba ruhusa. Asmahani anasema karatasi haiombi ruhusa. Nimemjibu kwamba hata baba yake, Mungu amrehemu, alikuwa hasemi, lakini tukimwelewa.

2. Kuhusu ishara. Mwalimu Daniel ananituhumu kwamba hata ishara zikija sizioni. Huo ni uzushi. Juzi, zamu ya saba, dado iliruka ikaangukia chini ya meza. Nikadhani ndiyo kikohozi chenyewe, nikainuka ili nimuage mzee kwa heshima zake. Eliudi ndiye aliyenizuia. Ingawa yeye ni wa timu pinzani, kwa malezi mema aliyoyapata kwao milimani alisema ile si ruhusa, ni dado tu imeanguka, na kwamba itakuwa aibu kwa baraza lake mzee kama yule aondoke hajaonja mkate wa kumimina. Nikaketi. Zamu ile walitufunga mabao mengi, lakini hakuna aliyevunjiwa heshima. Nakuomba uone tofauti kati ya Mkristo huyu wa Makorora na watu wangu mwenyewe.

3. Kuhusu wa akiba. Sheria inataka wa akiba aanze kunyoosha mkono pembeni, mbele ya macho ya mzee, wakati mzee bado anatupa. Hii ni sawa na kumpimia mgonjwa sanda wakati bado anakunywa uji. Isitoshe huyo wa akiba ni kijana mwenye sharubu nyembamba na macho ya kiburi. Nimemtazama sana pale kwenye kadi. Hana salamu.

4. Utaniambia kwamba hata katika mpira wa miguu watu hutolewa. Kweli. Lakini anayetolewa kwenye mpira wa miguu hupigiwa makofi, akapewa maji, na kocha akamshika bega. Mzee Jaku hurudishwa sandukuni akafunikwa kifuniko. Kama hilo ndilo pumziko, mimi silitaki, na wewe hulitaki.

5. Hili ndilo linaloniuma. Mimi nilikuwa mtunza stoo wa shirika moja ambalo sitalitaja. Nililitumikia katika ile miaka ya shida, wakati sabuni ya kipande ilikuwa ikipokewa kama harusi, na stoo yangu ilikuwa na panya wengi kuliko bidhaa. Sikuiba, wala sikumpa mtu kwa mlango wa nyuma, na kwa sababu hiyo nilikuwa na marafiki wachache sana. Kisha ukaja wakati huu wa ruksa, bidhaa zikajaa madukani, na mimi nikaambiwa nimepunguzwa. Sikuitwa ofisini nikakalishwa. Jina langu lilisomwa getini, asubuhi, pamoja na ya wengine, nikiwa na funguo za stoo mkononi. Aliyesoma alilikosea, akarudia, watu wakacheka kidogo. Nilikabidhi funguo kwa kijana ambaye hata kitasa cha mlango ule kinavyogoma alikuwa hajui, nikaenda zangu nyumbani kabla chai ya saa nne haijaletwa. Niliona uchungu, Ndugu Afisa. Mpaka leo nikipita njia ile naangalia upande wa pili. Baada ya hapo kiti pekee nilichobaki nacho ni hiki cha kukunja, barazani kwa Eliudi, chenye kofia nyekundu mgongoni. Sasa nacho wanakitaka, eti kwa sababu sikumfanyia mwenzangu nilivyofanyiwa mimi.

6. Bi Bibiana anasema nachanganya mambo, na kwamba katika unesi wake aliyechoka hulazwa, habembelezwi. Namheshimu sana, ndiye aliyewazalisha nusu ya watoto wa mtaa huu. Lakini wagonjwa wake walikuwa wakimuaga wenyewe kwa furaha, na wengine hata kabla hajawaruhusu. Huo si mfano wa kunitolea mimi.

Kwa hiyo naomba ofisi yako itekeleze yafuatayo kabla ya Jumamosi.

Kwanza, itolewe amri kwamba katika wilaya hii mtupaji aliyetimiza umri wa kuitwa mzee hatatolewa uwanjani mpaka aombe ruhusa mwenyewe, na akiomba, akataliwe walau mara mbili. Pili, akiondoka aagwe kwa hotuba fupi, chai, na hati ya utumishi mwema. Nakala yake ikatwe ndogo iweze kuingia sandukuni. Tatu, aruhusiwe kurudi, kwa maana mtu huenda nyumbani, akalala kidogo, akapata nguvu, na ni dhambi kumfungia mlango. Nne, amri hii isiishie kwenye kadi. Ipelekwe mashirikani, viwandani na shuleni, na kwenye nyumba ambazo waume wastaafu wanainuliwa kwenye kiti chao cha kawaida eti chumba kifagiliwe. Tano, kwa njia ya wizara na ubalozi, Wamarekani waandikiwe kwamba mchezo wao ni mzuri lakini una kasoro ya malezi, na kwamba watu wa Tanga wako tayari kuwatumia ujumbe wa watu wachache, gharama juu yao, kuwaonyesha namna mzee anavyoagwa. Mimi nina nafasi wakati wowote. Eliudi naye ameniambia hoja zangu zote ni za haki, na kwamba nisikubali kubadilika hata kidogo. Rafiki wa namna hiyo hapatikani kila siku.

Nakiri kwamba sina uhakika kama jambo hili liko chini yako au chini ya Ustawi wa Jamii. Nimekuchagua wewe kwa sababu ofisi yako ina benchi nje, na hiyo ni dalili ya watu wanaojua kukaribisha.

Nisalimie wote hapo ofisini: karani wako, mama anayewaletea chai, mlinzi wa getini na ahli zake, na dereva kama gari limepona. Wa kwetu wote wazima na wanakusalimu, isipokuwa kamati ya Kofia Nyekundu, ambao wana afya njema lakini salamu sikuwaomba.

Nabaki wako katika kulinda heshima ya wazee, wa nyama na wa karatasi,

Hafidh Maulid
Mwalimu wa Timu (mpaka sasa)

Tanbihi: Barua hii nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua tena hapa nje kwenye benchi lenu. Nilipokuwa nikiileta nilipita barazani kwa Eliudi, nikawakuta wote. Nikaona badala ya kungoja kuvuliwa, niombe mimi mwenyewe. Nikasimama, nikawaambia nimechoka, naomba kupumzika ualimu wa timu. Bi Bibiana akanishukuru kwa utumishi wangu. Mwalimu Daniel akanipa mkono. Asmahani akakalia kiti changu kabla hakijapoa. Nilitegemea roho itaniuma kama siku ile ya getini, nikaisubiri iume, haikuuma. Nadhani ni kwa kuwa safari hii aliyelitaja jina langu ni mimi.

Mtu mmoja tu ndiye aliyenishika kanzu, machozi yakimlengalenga, akinisihi nisiondoke: Eliudi, mwalimu wa Kofia Buluu. Alisema mchezo hautakuwa na raha tena bila mimi, akamgeukia mke wangu akamwomba arudishe kiti. Nilimtazama vizuri. Nimetunza stoo miaka mingi, na mtu anayesisitiza mzigo fulani usisogezwe hata inchi moja huwa namjua ana faida gani nao. Tangu Idi mimi ndiye niliyekuwa nikimfungia mabao.

Kwa hiyo yote niliyoomba hapo juu yafute, yale ya Wamarekani pia. Nimeshampa Asmahani maagizo: zamu ya sita ikifika, Mzee Jaku atoke, aje yule mwenye sharubu, chai iwepo isiwepo. Mzee hatafungiwa sandukuni. Atakaa nami pembeni, tutakula mkate wa kumimina na kuwakosoa vijana, kazi ambayo naona imetuchelewa. Karani wako aliyeko dirishani nasikia anashonewa suruali kwa Eliudi, basi tafadhali barua hii iweke chini ya nyingine mpaka fainali iishe.