Handaki la Fundi Maneno

Fundi Maneno hakuwa na karakana wala bisibisi. Ufundi wake wote ulikaa kati ya ulimi na meno. Siku moja alipeleka suruali yake kwenye kiwanda cha kushona nguo, akawakuta mafundi cherehani wamenuna kama waliofiwa. Bosi alikuwa amezuia kutazama mpira kwenye waifai ya kazini. Ukijaribu kufungua mechi, simu inakuandikia: "Hairuhusiwi."

Maneno akaisahau suruali.

"Ndugu zangu, mnagombana na mlango wa nini? Mimi nitawachimbia handaki!"

"Handaki gani tena?" akauliza mshona kola.

"Simu yako itazungumza na kompyuta moja tu, iko ng'ambo huko. Kila kitu kinapita kwenye bomba lililofungwa kwa kufuli za siri. Bosi ataliona bomba, lakini kinachopita ndani hatakiona ng'o. Kompyuta inakuchukulia mpira kule, inakurushia bombani, huyo, mpaka kiganjani."

Kwa mara ya kwanza maishani, Maneno alikuwa amesema kweli tupu. Ilimchosha, kwa hiyo akapumzika kidogo kwa uongo: akasema kompyuta ile ni yake, na kuilisha ni gharama. Ukweli ni kwamba aliyeikodi ni shemeji yake, dada wa mkewe, fundi wa simu, aliyemruhusu kuitumia kwa ahadi ya kugawana nusu kwa nusu.

Watu wakalipa, na mechi iliyofuata kiwanda kizima kilikuwa handakini. Mshona kola aliunganisha mikono yote miwili upande mmoja wa shati, kisha akapiga kelele, "Goooli!" Bosi akafurahi kuona watu wanaipenda kazi yao.

Shemeji alipouliza fungu lake, Maneno alivuta uso mrefu.

"Biashara imekufa, shemeji. Watu siku hizi hawana habari na mpira."

"Pole, shemeji yangu," akajibu dada wa watu, huku kompyuta ikimwonyesha handaki limefurika kama soko. Hakubishana. Mwongo humbishii, unampisha apite, ukaone anakoelekea.

Naye Maneno, kwa kupenda vya bure, simu yake pia aliipitisha mle mle. Alichosahau ni kwamba bomba lina mwisho, na mwishoni alikuwa amekaa shemeji. Yaliyoandikwa hakuweza kuyasoma, lakini aliona simu ya nani inabisha mlango wa nani. Ya Maneno ilikuwa inabisha hodi kutwa kucha kwenye soko la mtandaoni la pikipiki za mitumba.

"Ahaa," shemeji akajisemea. "Biashara imekufa, marehemu anatafuta usafiri."

Kesho yake likatokea tangazo sokoni humo: pikipiki nyekundu, bei ya kutupa, mwenyewe mama mjane. Maneno akamwandikia mbio.

"Mama, haina matatizo?"

"Haina kelele, mwanangu. Tena haili mafuta kabisa. Mambo ya bei mimi siyajui."

Mjane asiyejua bei! Maneno alimkandamiza mama wa watu akapunguza tena, kisha akamtumia pesa zote kwa simu kabla mjanja mwingine hajaamka. Akaelekezwa akaichukue kwa muuza vyuma chakavu.

Turubai lilipofunuliwa, pikipiki ikang'aa: taa, vioo, kiti laini. Maneno akainama. Chini ya tangi, palipopaswa kuwa na injini, palikuwa na upepo mtupu.

"Injini iko wapi?"

"Si ameichukua huyo huyo aliyekuuzia, shemeji yako, yule dada fundi simu?" muuza vyuma akashangaa. "Kasema mlikubaliana nusu kwa nusu."

Maneno akashika usukani, akaanza kusukuma.

Kwenye mlima akakutana na mafundi cherehani wanatoka kazini.

"Hee, hongera, Maneno!" mshona kola akapaza sauti. "Mbona unaisukuma sasa?"

"Bado ngeni," akajibu, jasho likimchuruzika. "Tunazoeana kwanza."