Kofia Yenye Pembe na Ndoo ya Kiangazi

Jumanne, 9 Juni

Leo nimemtangazia mama mkwe vita. Kwa heshima zote, lakini vita.

Ilianzia kwenye kahawa. Mama mkwe Sigbritt ana miaka sabini na mitatu, na tangu astaafu anacheza mchezo uleule wa kompyuta ninaoucheza mimi. Anaucheza kama anavyofuma soksi, polepole na kwa raha zake. Akaniuliza nimefika wapi na mavazi ya Mlinzi wa Majivu. Nikamwambia nina vipande saba kati ya vinane, imebaki kofia ya chuma yenye pembe. Akasema hata yeye anayatafuta, amebakiza glavu na kofia. Nikacheka. Labda nilicheka kupita kiasi.

Nikajigamba kwamba Jumapili saa sita mchana, chama chetu kitakapokutana mchezoni kuonyeshana mavazi, kofia itakuwa kichwani pangu. Akauliza, na nisipoipata? Nikasema nisipoipata, ndoo ya choo cha nyumba yetu ya mapumziko ya kiangazi nitaimwaga mimi, kiangazi chote. Nikiipata, ataimwaga yeye.

Mke wangu Ylva akaacha kutafuna. Choo kile hakina bomba wala maji. Kina ndoo, kina maranda ya mbao, na wiki ijayo kwenye sikukuu ya kiangazi kitakuwa na wageni kumi na wanne. Mama mkwe akanipa mkono hapohapo. Ana mkono wenye nguvu yule mama.

Sina wasiwasi hata chembe. Mimi ndiye ninayepanga ratiba za mabasi hapa mjini Härnösand. Dakika haipotei mikononi mwangu.

Jumatano, 10 Juni

Siku ya mlango! Kila Jumatano asubuhi Ngome ya Majivu, inakopatikana kofia, hufunguliwa upya. Zamani ilihitaji watu arobaini na jioni nzima. Siku hizi mhusika mmoja aliyekomaa anaimaliza peke yake, maana sisi tumeongezeka nguvu na ngome imebaki vilevile. Shida ni moja: kila mhusika anaruhusiwa kuipora mara moja tu kwa wiki. Watu wa kawaida basi wana nafasi moja. Mimi nina wahusika kumi na wawili. Hesabu mwenyewe!

Nimeomba ruhusa kazini, eti nina jambo la kifamilia. Wala si uongo.

Utaratibu: Mlinzi mzee wa mlangoni, anayesimulia historia ya ngome, simsikilizi. Majitu matatu ya ukumbini, napita pembeni, hayana kitu. Ngazi, sishuki, naruka kutoka roshani, navunjika nusu ya mwili, naendelea. Malkia Vorha, mkuu wa ngome, mapigo manne. Naokota vyote kwa mkupuo. Kisha unakuja ubunifu wangu mkubwa, niliouweka jana: kijiprogramu cha kuuza takataka. Namwita mchuuzi na nyumbu wake, na kila kitu cha ngome za zamani kinauzwa chenyewe kabla sijapepesa macho. Hakuna kufungua mkoba. Hakuna kusoma majina. Nimeokoa sekunde hamsini kwa kila mhusika!

Wote kumi na wawili wamemaliza kabla ya chakula cha mchana. Mkoba umebaki msafi kabisa, unapendeza. Kofia kwenye kabati la mavazi la mchezoni: hakuna.

Ylva alipita na mkate wake, akauliza kama huu ni mchezo au nimeajiriwa mahali pengine. Nilikuwa naandika muda.

Nafasi zimekwisha mpaka Jumatano ijayo, ila mimi si wa kukwama. Nitamkuza mhusika wa kumi na tatu!

Alhamisi, 11 Juni

Wa kumi na tatu amezaliwa. Nimemwita Dakika. Anatakiwa kufika daraja la sitini kabla ya Jumapili. Leo ameua nguruwe mia mbili na amefika la kumi na saba. Safi sana.

Hitilafu ndogo: kijiprogramu kimeuza fimbo yangu ya kuvulia samaki. Kumbe nayo niliiokota zamani kwenye ngome moja. Huwa siitumii, samaki wenyewe siwapendi, lakini nilitaka kuona dawati la huduma la mchezo lina kasi gani. Nikawaandikia. Dakika sita, fimbo imerudi! Wakanikumbusha kwa adabu kwamba kila mchezaji hurudishiwa kitu kimoja tu kwa mwezi. Sawa, sawa. Mimi nipoteze nini tena?

Mama mkwe alipiga simu. Tangu jana yuko mlangoni na yule mlinzi mzee. Amemsikiliza mpaka mwisho, na pale anapomtaja mwanawe eti alilia kidogo. Nikamwambia pole, mama. Nilipokata simu nikacheka mpaka kahawa ikanipitia puani.

Ijumaa, 12 Juni

Jamani. Jamani, jamani.

Ijumaa jioni kwetu ni kamba, mkate na limau, na mama mkwe huja. Leo alikuja na kompyuta ndani ya kikapu cha uzi. Glavu amezipata! Jitu la pili la ukumbini ndilo lililokuwa nazo, lile ninalolipita pembeni. Anasema alizivaa palepale, maana vazi haliingii kabatini mpaka ulivae mara moja, kisha akasimama ukingoni mwa maji kujitazama. Nikampongeza kwa sauti ya mtu mkubwa. Dakika yuko daraja la thelathini na moja, sina haja ya wivu.

Hapo akaomba aone nilichookota Jumatano. Anapenda kusoma yule. Nikamfungulia daftari la mchuuzi, ambamo kila kilichouzwa huandikwa, nikaendelea kumenya kamba wangu. Akavaa miwani. Akasoma kila mstari, kwa sauti, mate kwenye kidole kana kwamba kompyuta ina kurasa. Mkanda uliochanika. Mfupa wa popo. Ngao iliyopinda. Ylva alishaanza kusinzia.

Kisha kidole kikasimama. Akasema, mwanangu Tage, hebu njoo usome hapa, labda ni macho yangu.

Macho yake ni mazima. Mhusika wa nne, Jumatano, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Kofia ya Mlinzi wa Majivu, yenye pembe. Imeuzwa.

Nilikuwa nayo! Ilikaa mkobani mwangu sekunde mbili! Mchuuzi hukubali kukuuzia tena vitu kumi na viwili vya mwisho tu, na baada ya kofia nilimuuzia mia tatu na zaidi. Mama mkwe hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Alinisogezea bakuli la kamba akasema nile, nimekonda.

Jumamosi, 13 Juni

Nimeamka na akili mpya. Dawati la huduma! Watu wale wana kasi! Nikaandika barua ndefu, ya heshima, yenye vichwa vidogo. Wakajibu kwa dakika nne. Wanasikitika sana. Nafasi yangu ya mwezi nimeshaitumia Alhamisi, kwa fimbo ya kuvulia samaki. Wanatumaini ninaifurahia fimbo.

Nimemwambia Ylva tatizo si kijiprogramu. Tatizo ni kofia, imeandikwa kwenye kundi baya. Akaniuliza kama sasa nimekizima. Nikamuuliza anajua sekunde hamsini mara kumi na mbili ni ngapi? Akaenda kumwagilia nyanya.

Dakika: daraja la arobaini na nne. Itatosha. Hao waliosema sitini ni waoga.

Jumapili, 14 Juni

Haikutosha. Dakika ameuawa na mbwa wa mlangoni. Mara nne. Mara ya nne yule mlinzi mzee bado alikuwa anamsalimu.

Saa sita kasoro dakika tano nikaingia uwanjani na mhusika wangu wa kwanza, vipande saba, kichwa wazi. Nikafa na tai shingoni. Mara naona mtu anakuja polepole, vipande vilevile saba, kichwa wazi, nywele za kijivu zimesukwa. Mama mkwe! Asubuhi yeye alimuua Malkia Vorha, na hakupata kitu ila mfupa wa popo. Tukasimama tunatazamana. Watu wa chama wakashangilia, wakadhani tumepanga kuvaa sare. Tumepewa zawadi ya jozi bora! Hata picha tumepigwa. Mama mkwe amepiga simu anacheka kama msichana, anasema picha ataitia fremu, haijawahi kutokea akashinda kitu na mkwe wake.

Nami nilifurahi, siwezi kuficha. Nikamuuliza basi ile habari ya ndoo tuiache, maana tumeshinda wote. Akasema aaa, mwanangu, ndoo ni ndoo.

Alhamisi, 18 Juni, nyumba ya kiangazi

Nimemwaga ndoo ya kwanza. Mama mkwe alinionyesha namna yake: funga kifuniko, bana vibanio viwili, zunguka banda la kuni, ndoo moja moja, polepole. Dakika kumi na nane! Kuna mtu anaishi hivi!

Nimekaa kwenye ngazi na kalamu jioni nzima. Kuzunguka banda ni safari ya bure. Njia fupi inakatiza uani, kati ya nguzo ya sikukuu iliyopambwa maua na ile meza ndefu ya wageni. Ndoo moja moja ni upuuzi pia. Toroli la jirani linabeba nne kwa mkupuo, zikijazwa mpaka ukingoni. Mama mkwe amenikumbusha mara mbili habari ya vifuniko, nami nimemwitikia kwa heshima. Lakini nimepima kwa saa. Kufunga, kubana, na kufungua tena kule mwisho: sekunde hamsini kwa kila ndoo.

Kesho, wageni wakishakaa mezani, naanza bila vifuniko.